MAUMIVU YANAFIKAJE KWENYE UBONGO?



Tunapotembelea nyumba kwa nyumba tunasikia neno "mishipa" kila siku. Mzee anasema mishipa ya mgongo imekaza. Mama anasema mishipa ya kichwa inagonga. Kijana aliyebeba magunia siku ya mgao anasema mshipa wa bega umeruka. Wote wanatumia neno moja, lakini mara nyingi wanazungumzia vitu tofauti. Kuna mishipa ya damu, ambayo ni mirija ya kupitisha damu. Kuna kano, yaani kamba ngumu zinazoshikilia misuli kwenye mifupa. Na kuna mishipa ya fahamu, ambayo pia huitwa neva. Hiyo haipitishi damu, inapitisha habari, na ndiyo tutakayoieleza katika toleo hili.

Tumeichagua mada hii kwa sababu ya maswali tunayoulizwa. Kwa nini mtu aliyekatwa mguu analalamika kwamba vidole vya mguu huo vinamuuma? Kwa nini mwingine anaungua na sufuria mpaka ngozi inatoka na hasikii chochote? Na kwa nini kliniki wanatoa parasetamoli kwa kila anayekwenda? (Hili la mwisho tunaulizwa kwa hasira zaidi kuliko mengine yote.) Ukiijua njia ambayo maumivu hupita, sehemu kubwa ya majibu utayapata mwenyewe.

Kutoka kidoleni hadi kichwani

Tuchukue mfano wa mama anayesonga ugali kwenye mafiga. Kitambaa kinateleza na kidole chake kinagusa ukingo wa sufuria. Ndani ya ngozi ya kidole kuna ncha nyingi ndogo sana za neva, na kila aina ina kazi yake. Nyingine zinahisi mguso mwepesi kama wa inzi akitua. Nyingine zinahisi kukandamizwa, nyingine mtikisiko, nyingine baridi au joto la kawaida. Kuna ncha ambazo zimenyamaza muda wote na zinaamka pale tu penye hatari. Zile za moto huamka joto la ngozi linapofika kama nyuzi 43. Zikiamka zinazalisha umeme mdogo sana, na umeme huo ndio habari yenyewe inayosafiri ndani ya neva.

Neva hiyo ni nyembamba kuliko unywele lakini ni ndefu ajabu. Inayoanzia kwenye kidole gumba cha mguu hufika mgongoni bila kuungwa popote, na kwa mtu mzima huo ni urefu wa kama mita 1. Mgongoni, ndani ya tundu la mifupa ya uti wa mgongo, kuna kamba nene ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Hapo neva ya kwanza inakabidhi habari kwa neva ya pili. Haiikabidhi kwa umeme, bali inamwaga kemikali kidogo kwenye nafasi nyembamba iliyo kati yao, na ile ya pili ikiipata inaendelea na safari.

Mambo mawili yanatokea hapo mgongoni. La kwanza, uti wa mgongo hausubiri ruhusa ya ubongo. Unatoa amri moja kwa moja kwa misuli ya mkono, na mkono unajivuta. Ndiyo maana mama anakuta mkono umeshaondoka kwenye sufuria kabla hajasema "yesu wangu". La pili, habari ya maumivu inavuka upande wa pili wa uti na kupanda kichwani. Hivyo maumivu ya mkono wa kulia yanapokelewa na nusu ya kushoto ya ubongo. Hili si jambo la kujifunza tu na kulisahau: mtu akipata ganzi au udhaifu wa ghafla upande mmoja wa mwili, uso ukapinda au maneno yakamshinda, kasoro huenda iko kichwani, upande wa pili. Hiyo ni dalili ya kiharusi. Mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, usiku au mchana, msimsugue mkono na mafuta mkisubiri asubuhi.

Habari zote hazisafiri kwa mwendo mmoja. Neva za mguso ni nene na zimefunikwa na utando wa mafuta, kwa hiyo habari inakwenda mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Neva za maumivu makali ya kwanza ni nyembamba kidogo, na mwendo wake ni mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Halafu kuna neva nyembamba kabisa zisizo na utando huo wa mafuta, zinazobeba maumivu ya kuwaka na ya kutwanga. Hizo zinakwenda nusu mita hadi mita 2 tu kwa sekunde, sawa na mtu anayetembea kwa miguu. Kila aliyejikwaa kwenye jiwe usiku akienda chooni anayajua haya bila kufundishwa. Kwanza unajua umegonga kitu. Papo hapo unachomwa kama sindano. Kisha kuna kanafasi kadogo ambamo unasimama kwa mguu mmoja ukijua kabisa kwamba uchungu wenyewe uko njiani unakuja.

Ubongo ukipokea habari unaangalia imetoka wapi. Ndani yake kuna kama ramani ya mwili mzima, lakini ramani hiyo haina usawa: midomo na vidole vya mikono vimepewa eneo kubwa, mgongo mzima umepewa kipande kidogo. Unaweza kulipima hili nyumbani. Chukua vijiti viwili vya kiberiti, mwambie mwenzako afumbe macho, umguse kwa vyote viwili kwa pamoja. Kwenye ncha ya kidole atajua ni viwili hata vikiwa karibu sana, milimita 2 au 3 tu. Mgongoni unaweza kuviachanisha zaidi ya sentimita 3 na bado akaapa kwamba umemgusa kwa kimoja. Watoto wanaupenda sana mchezo huu.

Kuhusu pilipili, kuna jambo linalostahili kusemwa. Pilipili haina moto, lakini mdomo unaungua na jasho linatoka. Mwaka 1997 kundi la mwanasayansi David Julius wa Marekani liligundua kwamba kile kinachowasha ndani ya pilipili kinafungua mlango ule ule kwenye neva unaofunguliwa na joto kali. Ubongo unadanganywa kwamba kuna moto. Mwaka 2010 kundi la mwenzake, Ardem Patapoutian, liligundua milango mingine inayofunguliwa na kukandamizwa, ambayo mguso unaitegemea. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Huyu Patapoutian alizaliwa Beirut, Lebanoni, mwaka 1967, katika familia ya Waarmenia, akakua katikati ya vita na kuondoka kwenda Marekani mwaka 1986 akiwa kijana. Vijana wenzangu wanaosoma chini ya turubai, jina hilo liandikeni kwenye daftari.

Dawa zinafanya kazi wapi?

Sasa turudi kwenye parasetamoli. Dawa za maumivu zinaziba njia hii, lakini kila moja inaziba mahali pake. Sindano ya ganzi anayochomwa mtu kabla ya kushonwa kidonda inafunga milango ya umeme kwenye neva za mahali hapo, hivyo habari haiondoki kabisa. Unaweza kuhisi uzi unavutwa, lakini hausikii uchungu. Ibuprofeni na diklofenaki zinapunguza kemikali ambazo jeraha linatengeneza ili kuziamsha zile ncha za maumivu. Zinafaa kwa uvimbe, ila mama mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo wasizinywe bila kuuliza kliniki. Parasetamoli inafanya kazi zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo, na inashusha homa pia. Inatolewa kwa watu wengi kwa sababu ni salama kwa wengi, wakiwemo wajawazito na watoto, ikitumiwa kwa kipimo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Zaidi ya hapo inaharibu ini, na ini likiharibika hakuna kidonge cha kulirudisha.

Lakini malalamiko yenu yana ukweli ndani yake. Parasetamoli inanyamazisha habari, haitibu kilichotuma habari. Ukipewa vidonge bila kupimwa na maumivu yakarudi, rudi kliniki na useme wazi yako wapi, yalianza lini, na kama yanahama. Kuhama ni jambo muhimu. Neva za tumbo na za moyo zinaingia uti wa mgongo pamoja na neva za ngozi, na ubongo unachanganya. Maumivu ya kidole tumbo mara nyingi huanza kitovuni kisha yanahamia chini upande wa kulia. Maumivu ya moyo yanaweza kusikika kwenye mkono wa kushoto au taya. Mgonjwa anayesema "linauma hapa tu" wakati jana liliuma pale anamnyima daktari habari ambayo angeihitaji.

Kwa nini kusugua kunasaidia, na hofu inaongeza

Mtoto akianguka, mama anamsugua goti na kulipuliza, na mtoto ananyamaza. Wengine wanadhani ni kubembeleza tu. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza waliandika kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango. Habari za mguso zikiingia kwa wingi kupitia zile neva nene, lango linabana habari za maumivu zisipite zote. Baadaye wataalamu walirekebisha baadhi ya maelezo yao, lakini lango lenyewe limebaki katika mafundisho. Kwa hiyo mama endelea kusugua, isipokuwa kwenye jeraha la moto. Hilo linahitaji maji safi ya kawaida ya kutiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, unga, mafuta wala udongo.

Ubongo nao unatuma amri kushuka chini, kulifunga lango au kulifungua. Katika vita kuu ya pili, daktari Henry Beecher wa Marekani aliona askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia ambao hawakuomba dawa ya maumivu. Wengi wetu hatuhitaji kwenda Italia kwa mfano huu. Wapo hapa kambini waliotembea siku nyingi na jeraha, na uchungu wakausikia walipovuka mpaka na kukaa chini. Ubongo ulikuwa na kazi nyingine, ukalifunga lango.

Kinyume chake pia ni kweli. Hofu ya muda mrefu, huzuni na kukosa usingizi vinaliacha lango wazi. Kuna watu wanaoumwa kichwa, mgongo au mwili mzima kwa miezi, wanapimwa na kipimo hakionyeshi kitu. Majirani wanasema anajifanya ili apewe msaada. Si kweli. Maumivu yote yanasikika ndani ya ubongo, na haya ni maumivu kamili kama ya aliyevunjika mfupa. Mtu huyo asifukuzwe kliniki wala asichekwe. Aonane pia na mshauri wa afya ya akili, na kwenda huko hakumaanishi kwamba ana wazimu.

Vivyo hivyo aliyekatwa mguu au mkono. Kiungo kimeondoka, lakini nafasi yake kwenye ramani ya ubongo haijaondoka, na neva zilizokatwa bado zinatuma habari kutoka kwenye ncha zake. Ubongo unazipokea na kusema "ni vidole." Anachosikia ni cha kweli: kuwashwa, kuchomwa, kubanwa. Si mzimu wa mguu unaodai kuzikwa vizuri, kama wengine wanavyosema. Kwa baadhi ya watu kioo kinasaidia. Mgonjwa anakaa, kioo kirefu kinasimamishwa kati ya miguu kikitazama mguu mzima, naye anauchezesha polepole huku akiutazama kwenye kioo kana kwamba ni ule uliokatwa. Waulizeni wahudumu wa mazoezi ya viungo wawaonyeshe. Pia kuna vidonge vya maumivu ya neva, tofauti na parasetamoli, ambavyo daktari anaweza kuandika.

Sindano za dukani

Neva kubwa kuliko zote mwilini inapita ndani ya tako na kushuka nyuma ya paja. Mtoto mdogo ana nyama kidogo mahali hapo. Akichomwa sindano ya tako na mtu asiyejua, sindano au dawa yenyewe inaweza kuijeruhi neva hiyo, na mtoto aliyeingia dukani akitembea anatoka akiburuta mguu. Wengine mguu hubaki hivyo maisha yote. Sindano ya msuli kwa mtoto mchanga huchomwa mbele ya paja kwa upande wa nje. Na homa nyingi, hata malaria isiyo kali, zinatibiwa kwa vidonge au dawa ya maji. Mzazi anayesema "bila sindano hajatibiwa" anatafuta hatari kwa pesa yake mwenyewe. Mguu wa mtoto ukilegea baada ya sindano, mleteni siku hiyo hiyo.

Asiyesikia uchungu

Tumeliweka hili mwisho kwa sababu ndilo lenye watu waliojificha.

Ukoma unaletwa na bakteria aliyegunduliwa mwaka 1873 na daktari Hansen wa Norway. Bakteria huyu anapenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na anakaa ndani ya neva zilizo karibu na ngozi: kwenye kiwiko, nyuma ya goti, kwenye kifundo cha mguu, usoni. Anaziua polepole. Kwanza linatokea baka lililofifia rangi au lenye wekundu, ambalo haliwashi wala haliumi. Mtu anapaka mafuta ya fangasi, baka halibadiliki, anazoea. Miezi au miaka inapita. Siku moja anasikia harufu ya nyama inaungua na kukuta ni mkono wake.

Watu wanaamini ukoma unakula vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia mwaka 1946, aliwafuatilia wagonjwa na kuona kwamba vidole viliharibika kwa majeraha ambayo wenyewe hawakuyasikia: moto, mpini wa jembe, kiatu kilichobana, msumari, hata panya usiku. Kidonda kisichouma hakipumzishwi. Mtu anakikanyagia kila siku, kinaingia mpaka kwenye mfupa. Mwenye kisukari cha muda mrefu anapata shida ya namna hiyo hiyo kwenye nyayo, na maelezo yafuatayo yanamhusu pia.

Kila jioni kabla ya giza kaa chini uangalie nyayo zote mbili na katikati ya vidole. Usipoweza kuona, tumia kioo au mwambie mtoto aangalie. Osha miguu kwa maji yasiyo ya moto, ukiyapima kwa kiwiko au kumwomba mwingine ayaguse, kisha paka mafuta. Vaa viatu vyenye soli ngumu chini na laini ndani, na uvikung'ute kabla ya kuvaa. Shika sufuria kwa kitambaa kinene hata kama unaona haikuunguzi. Hapo "haikuunguzi" si ushahidi wa kitu chochote.

Mwenye baka la kutiliwa shaka aje apimwe. Kipimo cha kwanza ni rahisi: anafumba macho, mhudumu anagusa ngozi kwa kipande cha pamba kilichosokotwa, naye anaonyesha kwa kidole alipoguswa. Kwenye baka la ukoma mara nyingi haonyeshi. Ukoma bado unapatikana Kongo, Tanzania, Msumbiji na nchi nyingine za jirani, kwa hiyo hakuna haja ya kuulizana nani aliuleta kambini. Dawa zake ni za bure duniani kote tangu mwaka 1995. Mwenye mabaka yasiyozidi 5 kwa kawaida anatumia miezi 6, mwenye zaidi miezi 12. Akishaanza dawa, kwa muda mfupi anaacha kuambukiza, na halazimiki kutengwa sahani, kitanda wala familia.

Neva iliyoanza kufa ganzi chini ya miezi 6 inaweza kurudishwa kwa dawa ikiwahiwa. Iliyokaa ganzi miaka kwa kawaida hairudi, ingawa bakteria wameisha. Kwa sababu hiyo anayetumia dawa za ukoma akisikia neva ya kiwiko inauma na kuvimba, au mkono unalegea ghafla, asisubiri siku yake ya kliniki. Asiache dawa pia. Mkojo utakuwa mwekundu kwa siku moja au mbili kila mwezi anapomeza kipimo kikubwa, nayo ni rangi ya dawa ya rifampisini, si damu. Ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi kwa sababu ya klofazimini, na baada ya kumaliza matibabu inarudi taratibu kwa muda wa miezi.